Unene wa Sarafu Moja

Grand Prairie, Agosti 2019
Jumamosi, saa nane mchana

Pendo mwanangu,

Nimekaa gereji, kwenye kile kiti cha plastiki ambacho mama yako anataka kukitupa kila mwaka, na karatasi nimeiweka juu ya meza ya vyuma. Nawasikia jikoni. Mama yako anakaanga vitunguu vya pilau na wewe unamwambia asimtoe mtu machozi bure. Saa kumi na moja natoka kwenda kazini, na kesho nikirudi asubuhi mtakuwa mmeshapita Corsicana, wewe na mama yako na mabegi yako, mnaelekea Houston. Barua hii nitaiacha juu ya begi lako la mgongoni.

Sitakuandikia habari za oili ya gari, wala za kutotembea peke yako maegeshoni, wala za shangazi yako wa Missouri City na sheria zake za viatu. Mama yako atakupa hayo yote njiani, tena mara tatu tatu. Mimi nina jambo moja, na nimelibeba miaka miwili, na nimechoka nalo.

Wewe hukuchanganya yale maganda ya risasi. Kosa lilikuwa langu. Nililijua wiki ile ile, nikanyamaza.

Haya, nimeshaliandika. Nilidhani nikiliandika kifua kitakuwa chepesi. Aa wapi.

Ngoja nikueleze lilivyokuwa, maana hukuwahi kulisikia kutoka kwangu, na mimi sitaki uende Houston na maelezo ya nusu nusu.

Unakumbuka mzee Dale aliponiletea ile mashine ya mkono ya kurudishia risasi, ya kutengeneza risasi mpya kwa maganda yaliyokwishapigwa. Alikuwa anahamia kwenye nyumba ndogo, hana pa kuiweka, akasema jirani mwenye mikono kama yangu ataitunza. Nilifurahi kama mtoto! Miaka kumi na moja nimekuwa Marekani naendesha foklifti, napandisha maboksi, nashusha maboksi, na hapa mtu ananiita mwenye mikono. Tanga nilikuwa mkerezaji, nakata chuma kwa vipimo ambavyo jicho halivioni. Hapa hakuna aliyewahi kuniuliza. Basi nikaifunga mashine kwenye meza hii, nikanunua dai za bastola ya milimita tisa, na wewe ukaja ukakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa ukasema, "Baba, nifundishe."

Ulikuwa na miaka kumi na sita. Wenzio walikuwa mall. Wewe ulikuwa unachambua maganda ya shaba Jumapili baada ya kanisa, unayaangalia moja moja kama yana ufa, na vidole vimekuwa vyeusi. Nilikufundisha vizuri, hilo siwezi kujinyima. Nilikueleza kwamba ganda likishapigwa linavimba, kwa sababu moto unalisukuma kwenye kuta za chemba ya bastola, pale risasi inapokaa, na chini karibu na kitako ndiko linakovimba zaidi, maana pale haliegemei chuma pande zote. Ndiyo maana kuna dai, lile bomba fupi lenye pete ngumu ndani yake. Unalisukuma ganda ndani, pete inalikamua, linatoka na umbo la kuingia tena kwenye bastola. Ulielewa mara moja. Uliniuliza, "Kwa hiyo dai haijui hiyo bastola ilikuwaje? Inabana tu kadiri yake yenyewe?" Nikasema ndiyo, inabana kadiri yake. Nikakaa nikakutazama. Mafundi watu wazima niliofanya nao kazi hawakuwahi kuuliza hivyo.

Halafu ukaona kiuno. Ganda la milimita tisa limepanuka kidogo chini na kuwa jembamba juu, lakini pete ya dai inabana kote sawasawa. Kwa hiyo ukishatia kichwa cha risasi, pale kilipoishia panaonekana pameingia ndani, kama kiuno cha chupa ya soda. Ulicheka. "Baba, zina kiuno! Zinaenda harusini?" Tukacheka wote wawili mpaka mama yako akafungua mlango kuuliza kuna nini. Nilikuambia kiuno hakina neno, risasi itaingia tu. Na kweli hakikuwa na neno. Tatizo lilikuwa chini yake, na mimi sikuangalia chini.

Sasa nije kwenye sarafu.

Siku tunafunga dai, wewe ulichukua ile karatasi ya maelekezo kwenye boksi jekundu, ukaanza kunisomea. Ukasema imeandikwa iteremshwe mpaka karibu iguse kishikio, kile kisahani kinachoshika kitako cha ganda, ibaki nafasi ya unene wa karatasi tu. Nikakuambia acha. Nikatoa mfukoni sarafu ya shilingi mia mbili niliyotoka nayo nyumbani, nikaiweka juu ya kishikio, nikashusha dai mpaka ikaigusa, nikakaza. Ukasema, "Lakini Baba, paper inasema—" Nikakukatiza. Nakumbuka maneno yangu yote: "Mimi nimeshika chuma kabla hujazaliwa. Karatasi imeandikwa na mtu wa ofisini."

Ujuaji huo niliupata wapi? Karakana ya Tanga. Nikiwa mwanafunzi niliteremsha presi mpaka chini kabisa, dai ikapasuka, kipande kikaruka kikanichana sikio. Hili kovu unaloliona. Fundi Mhina, aliyenifundisha kazi, akaniambia kuanzia leo chuma kisigonge chuma, weka sarafu katikati, kaza, toa sarafu. Nikaweka sarafu maisha yangu yote. Kwa kazi zile ilikuwa sawa. Kwa ganda la bastola unene wa sarafu ni mwingi mno, Pendo. Dai inaishia juu, na ile sehemu ya chini iliyovimba haiguswi kabisa. Ganda linatoka limenyooka juu, linang'aa, chini bado lina tumbo.

Na bastola yangu ilikuwa kuukuu, chemba imelegea, inameza kila kitu. Kwa hiyo sikujua. Miezi minne nilijiona bingwa.

Mpaka Jumamosi ile kule uwanja wa shabaha, nje ya Fort Worth. Kilonzo alikuwa amenunua bastola yake mpya, tena ana furaha yule Mkamba, ametoka zamu ya hospitali hajalala, anasema leo atatufundisha. Dale alikuwepo. Wale vijana wawili wa kanisani kwetu walikuwepo. Mimi nikasema, Kilonzo, acha risasi za dukani, jaribu zangu. Nilitaka sifa, sina jina lingine. Risasi ya kwanza ikaingia nusu, bastola ikakataa kufunga, akavuta ikakataa kutoka. "Aki Baba Pendo, hii kitu imeshika!" Msimamizi akapuliza filimbi, watu wote mstari mzima wakaambiwa waache kupiga, warudi nyuma. Kila mtu anatutazama sisi, Waafrika wenye kifaa kilichokwama.

Msimamizi akauliza nani katengeneza risasi hizi.

Ni hapo, mwanangu. Ilikuwa kusema neno moja tu, "Mimi." Badala yake nikageuka nikakunyooshea kidole. Nikasema, kwa Kiingereza ili kila mtu asikie, kwamba binti yangu amechanganya maganda ambayo hayajapita kwenye dai. Ukasema, "Sikuchanganya, Baba." Taratibu tu, hukupaza sauti. Nikasema, "Usinijibu mbele za watu." Na kwenye gari, tunarudi, nikaongeza lingine ambalo hakuna mtu aliyeniomba. Nilikuambia huna mikono ya kazi hii.

Ukageukia dirishani. Mimi nikawasha redio.

Alhamisi yake, kabla ya kwenda kazini, niliingia humu peke yangu na ile risasi iliyokwama, waliyoitoa wakanirudishia. Nikaipima kwa venia, kile kipimo cha mafundi cha unene. Juu, sawa. Katikati, sawa. Chini, nene. Na pale juu ya kitako kulikuwa na mstari mwembamba umezunguka ganda zima, hapo ndipo pete ya dai ilipoishia. Juu ya mstari shaba inang'aa, chini ya mstari imefifia na imetuna. Nikailaza ile sarafu kando ya ganda, unene wake ukafika pale pale kwenye mstari. Nikachukua risasi nyingine kwenye kopo la risasi. Hivyo hivyo. Nyingine. Hivyo hivyo. Zote, Pendo. Ungekuwa umechanganya wewe zingekuwa mbili tatu mbovu na nyingine nzima. Zote zilikuwa na tumbo lile lile kwa kipimo kile kile, kwa sababu zilipita kwenye dai moja iliyofungwa na mjinga mmoja.

Nilikuwa nimeshika sarafu mkononi ulipoingia na kapu la nguo, kuja kwenye mashine ya kufulia. Ukasimama. Ukaniuliza, "Baba, umeona tatizo?"

Nikasema, "Nimeona. Ni umakini tu."

Hilo ndilo linaloniamsha. Lile la uwanjani naweza kujitetea, nilipaniki, nilikuwa na aibu, watu walikuwa wengi. Hili la gereji halina utetezi. Tulikuwa wawili. Ushahidi niko nao kwenye kiganja. Nikakutazama machoni nikakuongopea. Ukaweka nguo kwenye mashine, ukamwaga sabuni, ukatoka. Mimi nikashusha dai ikafika inapotakiwa, unene wa karatasi, kama ulivyonisomea, na sarafu nikaitupa kwenye droo.

Tangu siku hiyo hukukaa tena kwenye ile ndoo. Nikikuita ulikuwa na homework. Kile kijitabu cha chuo, cha uhandisi wa mitambo, ulichokibandika mlangoni mwa friji, kikatoka. Mama yako akaniambia umeamua unesi, na Houston, kwa shangazi. Nikasema vizuri, unesi ni kazi ya heshima, nusu ya watu wetu hapa wanaishi kwa kazi hiyo. Lakini moyoni nilijua ni mimi. Nilijua nimekuambia huna mikono, ukaniamini, ukatafuta kazi nyingine. Mtoto anamwamini baba yake hata anapoongea upumbavu.

Mwezi uliopita nilijikaza nikamwambia Kilonzo. Nilifikiri nitaanza na yeye, ni rahisi zaidi. Tulikuwa tumesimama nje ya kanisa. Nikamwambia yote, sarafu na kila kitu. Akanitazama, akasema, "Lakini hiyo tulijua, Baba Pendo. Dale aliangalia ile risasi siku hiyo hiyo akaniambia die iko juu sana. Si tulidhani ulishamwambia mtoto?" Lo! Nilitamani nizame. Miaka miwili nimewaficha watu kitu walichokiona kwa macho yao. Na wote wakaendelea kunisalimia, shikamoo Baba Pendo, marahaba.

Fundi Mhina, siku moja, aliharibu kazi ya mteja mkubwa. Bosi akaja anafoka, akauliza ni nani. Mimi mwanafunzi nilikuwa nimesimama pale pale, rahisi kabisa kusingiziwa. Mzee akafuta mikono kwa kitambaa akasema, "Ni mimi. Nitairudia." Akarudi kwenye mashine. Sikuona kitu cha ajabu wakati ule. Nilijifunza kwake habari ya sarafu, nikaishika miaka thelathini, na hilo la pili nililiacha pale pale Tanga.

Kwa hiyo ninachotaka kukuambia ni hiki. Umesema kujiandikisha masomo ni Jumatano. Kama bado unautaka uhandisi, badilisha. Usiogope kwamba utaniudhi, usiogope mama yako. Una mikono. Una mikono kuliko mimi. Nataka niweke ndani ya bahasha hii ile karatasi ya maelekezo, ili uwe nayo, ujue kwamba ulisoma sawa na mimi ndiye niliyekataa kusikia. Imo kwenye lile boksi jekundu. Ngoja niiteremshe kule juu ya shelfu.

*

Pendo.

Nimerudi.

Boksi sijawahi kulifungua tangu tufunge dai. Kwa nini nilifungue? Dai zinakaa kwenye mashine, na karatasi mimi sisomi. Limekaa juu ya shelfu miaka miwili limeota vumbi. Ndani, juu ya maelekezo, kuna bahasha. Ndani ya bahasha kuna maganda mawili, umeyaandika namba kwa kalamu nyeusi, na kipande cha karatasi ya daftari lako la chemistry. Nanakili hapa, ujue nimekisoma neno kwa neno:

"Baba, nimejaribu njia zote mbili ukiwa umelala. Number 1 nimetumia coin yako. Number 2 nimetumia karatasi, kama maelekezo yanavyosema. Nimerudisha die ulivyoiacha, usijali. Angalia chini, sio kwenye kiuno. Sijakasirika. I just want you to say it. P."

Umeweka na siku. Ni Jumapili, kesho yake tu baada ya uwanjani.

Kwa hiyo Alhamisi, ulipoingia na kapu la nguo ukaniuliza kama nimeona tatizo, hukuwa unauliza habari za risasi. Ulikuwa unauliza kama nimefungua boksi. Na mimi nikasema nimeona, ni umakini tu.

Halafu nikashusha dai. Na mashine ya kufulia iko hapa hapa, hatua nne. Kila wiki umeingia humu na nguo zako, na kila wiki umeiona dai imekaa chini, pale uliposema iwe. Ulijua kwamba najua. Miaka miwili, Pendo! Ulikuwa unasubiri tu.

Na mimi na kiburi changu nimekaa hapa naandika kurasa, nakupa ruhusa ya uhandisi kama vile ni mimi niliyeushika. Nilidhani nimekuvunja imani na mikono yako. Kumbe mikono yako hukuitilia shaka hata siku moja. Ulichukua maganda mawili ukahakikisha mwenyewe, asubuhi moja, baba yako akiwa anakoroma. Uliyeacha kumwamini ni mimi. Hukuikimbia kazi ya chuma. Ulikataa kuifanya na mtu kama mimi, na sikulaumu. Basi uwe nesi, uwe mhandisi, chagua unachokipenda, futa yale ya Jumatano niliyoandika hapo juu. Hukuwa unaningoja kwa hilo.

Nalia, kama unataka kujua. Mama yako ataona macho na atadhani ni vitunguu vyake.

Kuna uongo mmoja zaidi na huu nauumaliza leo. Niliwaambia nimepangiwa zamu ya usiku huu. Sikupangiwa. Niliiomba. Kilonzo anakuja saa kumi na mbili na mkewe, Dale anakuja, wale vijana wa kanisani wanakuja, kukuombea safari na kula pilau, na mimi nilitafuta mahali pa kujificha. Ningekuachia karatasi juu ya begi, uisome ukiwa mbali, nisiuone uso wako.

Lakini wewe hukuandika "write it". Umeandika "say it", niseme kwa mdomo wangu.

Nimempigia simu msimamizi wangu sasa hivi. Nimemwambia siji. Amefoka, nimemwacha afoke. Sarafu nimeitoa kwenye droo, na maganda yako mawili ninayo mfukoni, namba moja na namba mbili. Leo watakapokaa wote mezani, kabla hawajafumba macho kusali, nitasimama. Nitasema kwa Kiingereza, kama nilivyokusingizia kwa Kiingereza, Dale asikie vizuri. Halafu nitarudia kwa Kiswahili, maana hicho ndicho ulichonijibu nacho siku ile na mimi nikakunyamazisha.

Ukitaka kunijibu mbele za watu, nijibu.

Nawasikia mnacheka huko jikoni. Nainuka. Barua utaipokea mkononi mwangu, baada ya kusema, siyo kabla.

Baba